Seva Moja Inapozimika Ghafla

Kisiwa cha Unguja kilionja tabu ya kutegemea njia moja Disemba 2009, ulipoharibika waya wa umeme upitao chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, waya wa megawati 45 uliokuwa ukitumika tangu 1980. Na hata Machi 2010, umeme uliporejea, wenyeji walikuwa wamekwisha kutaabika kwa maji, kwani pampu zake zaenda kwa umeme, na vichochoro vya Mji Mkongwe vilikuwa vikinguruma majenereta. Mwaka 2013 ukaongezwa waya mpya wa megawati 100, uliogharimiwa na Marekani.

Hadhari hiyohiyo yalazimu katika hifadhi ya faili ambayo makarani wa ofisi nzima huifungua kwa mtandao. Ili isitegemee seva moja, hufungamanishwa seva mbili au zaidi ziwe klasta, kila moja ikiitwa nodi, nazo hupelekeana ishara kila mara kuambiana kuwa zi hai. Moja ikinyamaza, mwenziwe hutwaa jina, anwani na disiki, akaendelea kuhudumia. Lakini kunyamaza si kufa: yamkini ni waya wa mtandao tu uliokatika. Ndiyo maana klasta ya nodi mbili huwekewa shahidi wa tatu ili ipatikane akidi, maana bila yake kila nodi yaweza kujidhani ndiyo iliyosalia, zote zikaandika katika disiki moja na kuziharibu faili.

Mafundi wengi huijaribu klasta kwa upole uliopita kiasi: huiamuru nodi ijifunge taratibu, wakaona mwenziwe ameshika kazi, wakaridhika. Jaribio hilo halithibitishi kitu, kwa sababu nodi iliyoagizwa kuondoka hukabidhi kazi kwanza, na ajali haikabidhi. Yapasa karani akae mezani pake, anakili faili kubwa, mwenziwe afungue jedwali la hesabu na kuliandika, kisha fundi auchomoe waya wa umeme wa nodi inayohudumia bila ya kuaga. Itazamwe kompyuta ya karani, siyo ya fundi. Kunakili kukisimama kwa muda mfupi kisha kukaendelea kwenyewe, ni vyema. Ukitokea ujumbe wa kosa, klasta haikutimiza wajibu hata kama ripoti zake zote zasema salama. Tangu ilipokuja SMB 3.0, itifaki ya kufungua faili kwa mtandao, pamoja na Windows Server 2012, nodi yaweza kutunza kumbukumbu ya faili zilizofunguliwa mahali ambapo mwenziwe ataiona, ila sharti hifadhi iwe imewashiwa uwezo huo, na hapo ndipo wengi husahau.

Baadaye ilinganishwe faili iliyonakiliwa na asili yake, zikaguliwe ruhusa, kisha jaribio lirudiwe kwa kuchomoa waya wa mtandao peke yake, na la tatu kwa nodi ya pili.

Lakini nodi mbili zilizo katika chumba kimoja na swichi moja ya umeme hufa pamoja, na sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib la Mji Mkongwe iliyoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 yatosha kutuonyesha kuwa jengo zima laweza kuondoka. Mwenye uwezo aiweke nodi ya pili, pamoja na nakala ya disiki, katika jengo jingine, tuseme ng'ambo ya Darajani, na shahidi mahali pa tatu. Kisha siku ya jaribio azime umeme wa jengo lote lenye nodi inayohudumia, makarani wa jengo jingine wakiwa kazini.