Kasuku Safarini: Kwa Nini Ndege wa Kufugwa Huwekewa Masharti Mpakani

Mtu anayehamia nchi nyingine aghalabu hutaka kwenda na kasuku wake, aliyemlea kwa miaka mingi na kumzoeza kutaja majina ya watu wa nyumbani. Anapoulizia taratibu hukuta orodha ndefu ya vibali, vyeti, vipimo na siku za karantini. Wengi huyaona masharti hayo kuwa ni usumbufu, na baadhi hushawishika kumficha ndege ndani ya mzigo. Makala haya yanaeleza asili ya masharti hayo, jinsi yanavyomlinda binadamu, na yale ambayo mhudumu wa afya hapaswi kuyasahau anapomwona mgonjwa anayeishi na ndege.

Homa iliyoleta marufuku

Mwishoni mwa mwaka 1929 na mwanzoni mwa 1930, watu katika nchi kadhaa za Amerika na Ulaya walipatwa na homa kali iliyoambatana na nimonia. Uchunguzi ulionyesha kuwa wengi wao walikuwa wamegusana na kasuku walionunuliwa karibuni, ambao baadhi yao walitoka Amerika ya Kusini. Huko Annapolis, Marekani, waliougua ni watu wa familia moja iliyopokea kasuku kama zawadi ya Krismasi. Mtafiti wa serikali, Charles Armstrong, aliyetumwa kuchunguza ugonjwa huo, naye aliugua, na msaidizi wake akafariki. Januari 1930 Rais Herbert Hoover alitoa amri ya kuzuia kasuku kuingizwa nchini humo.

Ugonjwa huo ni homa ya kasuku. Husababishwa na bakteria aitwaye Chlamydia psittaci, anayetoka kwa ndege kupitia kinyesi na majimaji ya puani na machoni. Kinyesi kikikauka huwa vumbi, na mtu huambukizwa kwa kulivuta anaposafisha tundu au anapokaa karibu nalo. Jambo la kuzingatia ni kwamba ndege anaweza kubeba bakteria huyu kwa miezi mingi bila dalili yoyote, kisha akaanza kumtoa kwa wingi anapopata mkazo. Safari, baridi, msongamano na mabadiliko ya chakula ni mikazo ya namna hiyo. Kwa hiyo ndege aliyeonekana mzima siku ya kuondoka anaweza kuwa chanzo cha maambukizi siku ya kufika.

Magonjwa mengine yanayovuka mpaka

Masharti ya leo yametokana pia na maradhi yanayoangamiza kuku. Kati ya 1971 na 1973, mlipuko wa mdondo uliohusishwa na ndege wa mapambo walioingizwa kutoka nje ulisababisha karibu kuku milioni 12 kuuawa kusini mwa California. Oktoba 2004, tai wawili waliofichwa katika mzigo wa abiria kutoka Thailand walikamatwa katika uwanja wa ndege wa Brussels, na walipopimwa walikutwa na virusi vya mafua ya ndege aina ya H5N1. Mwaka uliofuata virusi hivyo viligunduliwa kwa ndege waliokuwa karantini nchini Uingereza. Tai wale wa Brussels walinaswa wakiwa mikononi mwa msafiri. Hawa wa Uingereza waligunduliwa kwa sababu karantini ilifanya kazi yake. Baada ya hapo Umoja wa Ulaya ulizuia uingizaji wa ndege waliokamatwa porini, na mwaka 2007 ukaufanya uamuzi huo kuwa wa kudumu.

Masharti yenyewe

Kwa jumla msafiri hukutana na mambo matatu. La kwanza ni uhifadhi. Kasuku wa kijivu, mkazi wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, ikiwemo Kongo, na anayefika hadi Uganda, amewekwa tangu Januari 2017 katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES. Biashara ya kimataifa ya kasuku huyo aliyekamatwa porini imepigwa marufuku, na hata mwenye ndege mmoja wa nyumbani huhitaji kibali cha nchi anakotoka na cha nchi anakokwenda.

La pili ni cheti cha afya kinachotolewa na daktari wa mifugo wa serikali. Cheti hiki kina mipaka, kwa kuwa huthibitisha kile kilichoonekana siku ya uchunguzi tu.

Ndiyo maana lipo la tatu, yaani muda wa kutengwa. Marekani huwaweka ndege wa kufugwa wanaotoka nje karantini kwa siku 30, kwa gharama ya mwenyewe. Umoja wa Ulaya humruhusu msafiri kuwa na ndege wasiozidi watano, kwa sharti la kutengwa, kupimwa au kuchanjwa dhidi ya mafua ya ndege kabla ya safari, au kukaa karantini baada ya kufika. Siku 30 zinatosha kwa mafua ya ndege na mdondo kujitokeza, kwa sababu maradhi hayo huchukua muda mfupi zaidi tangu maambukizi hadi dalili. Hazitoshi kwa homa ya kasuku iliyojificha, na kwa ajili hiyo ndege huhitaji kupimwa, na akikutwa nayo apewe dawa.

Kwa mhudumu wa afya

Dalili kwa binadamu huanza kwa kawaida siku 5 hadi 14 baada ya kuambukizwa: homa, kuumwa sana kichwa, maumivu ya misuli na kikohozi kikavu. Dalili hizi hufanana na za malaria, homa ya matumbo na nimonia ya kawaida. Swali moja linaweza kubadili mwelekeo wa matibabu: je, kuna ndege nyumbani au kazini, na amepatikana lini?

Jibu lina uzito kwa sababu dawa za jamii ya penisilini, zinazotumika sana kutibu nimonia, hazitegemewi kwa bakteria huyu. Dawa ya kwanza ni doksisaiklini. Kwa mjamzito hutumika azithromaisini. Kabla ya kupatikana kwa antibiotiki, wagonjwa 15 hadi 20 kati ya 100 walifariki. Kwa matibabu sahihi vifo ni nadra.

Kwa mwenye ndege

Taratibu za vibali zianze miezi kadhaa kabla ya safari, na masharti yathibitishwe kwa mamlaka za mifugo na za wanyamapori za nchi zote mbili. Tundu lisifagiliwe likiwa kavu. Kinyesi kilowanishwe kwanza kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, na msafishaji avae barakoa na glavu. Ndege mgeni atengwe na wengine. Akipatwa na homa, mwenye ndege amweleze daktari habari za ndege wake bila kusubiri kuulizwa, hata kama ndege huyo aliingia bila kibali. Kinachotafutwa hospitalini ni chanzo cha ugonjwa, na kukificha chanzo hicho kunaweza kuugharimu uhai.