Kosa Halina Kabila

Jioni ya Machi 31, 2014, milipuko ilitikisa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na kuua watu sita. Siku chache baadaye serikali ilianzisha msako iliouita Usalama Watch. Maelfu ya polisi walimwagwa mitaani, wakapanda ghorofa hadi ghorofa usiku, wakigonga milango na kudai vitambulisho. Waziri wa usalama wa wakati huo, Joseph Ole Lenku, alitangaza kwamba watu wapatao 4,000 walikuwa wamekamatwa. Wengi wao walikuwa Wasomali: wakimbizi, wageni, na pia Wakenya halisi wa Garissa, Wajir na Eastleigh yenyewe. Seli za kituo cha polisi cha Pangani zilifurika hadi watu wakakosa hata pa kukaa. Waliosalia walipelekwa uwanja wa michezo wa Kasarani, mahali Wakenya walipozoea kushangilia timu yao ya taifa, wakazuiliwa humo huku wakipigwa msasa.

Swali la kwanza la mwanasheria ni jepesi: kila mmoja wao alishukiwa kwa kosa gani? Jibu halikuwepo. Walikamatwa kwanza, sababu ikatafutwa baadaye.

Katiba ya Kenya ya 2010 haimjui mshukiwa anayeitwa kabila. Kifungu cha 49 kinampa kila anayekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya kazi ya mahakama ikiwa muda huo umeishia nje ya saa za kazi. Hizi ni haki za mtu mmoja mmoja. Ukiwa na watu 4,000, una sababu 4,000 za kutoa, na serikali isiyokuwa nazo haikuwa na ruhusa ya kuwashika.

Haya hayakuwa mageni kwa majaji wetu. Julai 26, 2013, katika kesi iliyowasilishwa na shirika la Kituo cha Sheria, Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu alibatilisha agizo la kuwahamisha wakimbizi wote wa mijini hadi kambi za Dadaab na Kakuma. Hakusema kwamba usalama wa taifa ni jambo dogo. Alichosema ni kwamba serikali inayotaja usalama lazima ionyeshe jinsi mtu fulani, kwa kuwepo kwake au kwa vitendo vyake, anavyohatarisha nchi, na jinsi kumpeleka kambini kutakavyoondoa hatari hiyo. Kuwapaka wakimbizi wote rangi ya uhalifu hakupatani na Katiba. Kwangu mimi hii ni mojawapo ya hukumu bora zilizowahi kutolewa katika ardhi yetu, kwa sababu ilirudisha mzigo wa ushahidi mahali pake: kwa mwenye bunduki na pingu.

Lakini msomaji asidanganywe kwamba mahakama ni ngome isiyobomoka. Juni 30, 2014, hofu ya mashambulizi ikiwa imetanda, Mahakama Kuu hiyo hiyo iliamua kwamba agizo jipya la kuwarudisha wakimbizi kambini halikukiuka Katiba. Maneno ya sheria hayakuwa yamebadilika katika mwaka huo mmoja. Kilichobadilika ni hali ya hewa ya nchi. Ikabidi watetezi wa haki warudi tena na tena. Februari 2015 majaji watano walifuta kifungu cha sheria ya usalama kilichotaka idadi ya wakimbizi nchini isizidi 150,000, ilhali waliokuwepo walikuwa mara kadhaa ya hapo. Februari 2017 Jaji John Mativo alizuia kufungwa kwa kambi ya Dadaab, akisema kuwalenga Wasomali kwa ujumla wao ni kulitesa kundi zima, na ni ubaguzi.

Hata hivyo, ukitazama uwanja wa Kasarani tu utakosa kuona mzizi. Msako wa aina hii hauanzi siku ya bomu. Huanza miaka mingi kabla, katika ofisi ya usajili.

Mkenya wa kabila lisilotiliwa shaka akifikisha miaka 18 huenda kwa chifu na cheti chake cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, akachukuliwa alama za vidole, akangoja. Kijana wa Kinubi wa Kibra, Msomali wa Mandera au Mwarabu wa Pwani, akiwa na karatasi hizo hizo, aliongezewa hatua nyingine kwa miongo mingi: kikao mbele ya kamati ya maafisa na wazee. Huko aliulizwa babu yake alizaliwa wapi, na nani anamjua. Wengine waliagizwa kuleta hati za babu, hati ambazo huyo babu hakuwahi kupewa na serikali ya kikoloni. Kamati ilikutana kwa siku zake, na aliyekosa siku hiyo alingoja nyingine. Mwenzake wa darasa moja alikuwa keshafungua akaunti ya benki, yeye bado akitembea na karatasi ya kusubiri. Polisi walipomsimamisha usiku, hakuwa na cha kuonyesha. Na mwaka 1989 Wakenya wote wenye asili ya Kisomali waliokuwa watu wazima waliamriwa wajisajili upya na kupewa kadi ya pekee ya waridi, ili watofautishwe na raia wengine. Mtu aliyekwisha kutengwa hivyo kwa karatasi ni rahisi kutengwa kwa malori ya polisi.

Ndiyo maana kazi ya kupinga utengaji huu hufanyika zaidi kwenye madawati kuliko barabarani. Wasaidizi wa kisheria wa shirika la Nubian Rights Forum huko Kibra huwajazia majirani fomu, huandamana nao hadi ofisini, na huandika kila ucheleweshaji. Rekodi za namna hiyo ndizo zinazojenga kesi. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za mtoto ilitoa uamuzi wake wa kwanza kabisa, na ulihusu watoto wa Kinubi wa Kenya. Serikali ikakutwa na hatia ya kuwanyima uraia tangu kuzaliwa. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walichagua njia nyingine: Oktoba 2016 walifunga safari hadi Ikulu, Nairobi, na wakarudi na ahadi ya vitambulisho. Safari hii ahadi ilitimizwa. Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini, akiwa Wajir, tamko la kukomesha ule msasa wa ziada wa kamati za vitambulisho. Ni hatua njema, nami naipokea. Ila kilichofutwa kwa tamko kinaweza kurudi kwa tamko, na Bunge bado lina wajibu wa kukizika kwa sheria.

Nguvu ya rekodi si ya leo. Aprili 24, 1954, Waingereza waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walipangwa foleni mbele ya watoa habari waliovikwa magunia yenye matundu ya macho. Kutikisa kichwa kulitosha kumpeleka mtu kwenye kambi ya kizuizini ya Manyani. Zaidi ya 20,000 walizuiliwa. Mle kambini wafungwa kama Josiah Mwangi Kariuki waliandika barua za malalamiko na kuzitorosha nje. Machi 3, 1959, askari waliwapiga wafungwa wa kambi ya Hola hadi 11 wakafa, na serikali ikadai vifo hivyo vilitokana na maji waliyokunywa. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kipigo, Bunge la London likawaka moto, na mfumo wa kambi ukaporomoka. Na mwaka 2013, wazee 5,228 walipolipwa fidia na Uingereza kwa mateso ya enzi hiyo, kilichoibana serikali hiyo ni pamoja na majalada ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park, huko huko Uingereza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, msako ukifika mtaani kwenu, andika. Andika jina kamili la kila aliyechukuliwa, saa, nambari ya gari, kituo alikopelekwa, na uulize nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Saa 24 zikipita bila kufikishwa kortini, kumbuka kwamba Kifungu cha 25 kimeiweka amri ya habeas corpus, yaani ya kumleta aliyezuiliwa mbele ya mahakama, miongoni mwa haki ambazo serikali haiwezi kuzipunguza kwa sababu yoyote. Kifungu cha 22 kinakuruhusu kwenda mahakamani kwa niaba ya mtu asiyeweza kujisemea, na hakuna ada ya kufungua kesi hiyo. Kanuni za mahakama za mwaka 2013 kuhusu kesi za haki zinamruhusu jaji kupokea hata barua ya kawaida. Usingoje mpaka aliyekamatwa awe ndugu yako au mtu wa kabila lako. Ipeleke barua hiyo.