Namba za breka ukutani

Nyumba nyingi za mijini kwetu hujengwa kwa awamu. Familia inahamia vyumba viwili vikiwa tayari, baadaye linaongezwa jiko la ndani, kisha stoo ya uani inageuzwa chumba cha kupangisha. Kila awamu ina fundi umeme wake, na kila fundi huvuta umeme pale palipo karibu. Ndiyo maana kazi ya kuandika namba za breka kwenye swichi na soketi, ambayo kwenye mpango ni ya mchana mmoja, ikifika ukutani inakuwa upelelezi.

Mpango wenyewe ni mwepesi. Mmoja anasimama kwenye kisanduku cha breka, mwingine anazunguka na taa ya mezani akiichomeka kwenye kila soketi. Breka inashushwa, taa ikizimika namba inaandikwa. Lakini wengi hawafiki huko. Wanaona breka ya amperi 6 au 10, wanasema hii ya taa. Wanaona ya 32, wanasema hii ya soketi. Wanabandika na kuondoka. Lebo ya kukisia ni hatari kuliko ukuta mtupu. Asiyejua hupima kwanza. Aliyehakikishiwa na lebo kwamba pamezimwa hutia mkono.

Chukua bamba la swichi mbili mlangoni pa sebule. Ya kushoto ni ya taa ya ndani, ya kulia ya taa ya ulinzi nje. Ukishusha breka ya taa za ndani, ya kulia bado ina umeme, kwa kuwa taa ya nje iliongezwa baadaye na waya wake ukatolewa kwenye soketi ya barazani. Nyuma ya bamba, skrubu iliyokufa na skrubu yenye moto ziko kidole kimoja mbali. Bamba hilo linadai namba mbili, kila moja chini ya swichi yake.

Kwenye ghorofa kuna mtego mbaya zaidi. Taa ya ngazi, yenye swichi chini na swichi juu, mara nyingine huchukua layivu kwenye sakiti ya chini na kurudisha nyutro kwenye sakiti ya juu. Unazima breka ya juu, unafungua maungio ya nyutro, na umeme wa chini unakupiga kupitia taa ile. Hapo lebo haisaidii kitu. Aitwe fundi mwenye leseni, ambayo Tanzania Bara hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, airudishe nyutro kwenye sakiti yake.

Utepe wa karatasi unaoandikwa namba hizo, kwa upande wake, haustahimili mafuta ya jikoni wala unyevu wa pwani, na wapaka rangi hawamsubiri mtu. Afadhali kuandika pia nyuma ya bamba kwa kalamu isiyofutika. Kanuni za Uingereza, BS 7671, zinataka orodha ya sakiti iwekwe kwenye kisanduku cha breka au karibu nacho, na hilo kila nyumba inalimudu: karatasi, tarehe, na nafasi ya kuongeza mistari. Fundi akija kuongeza soketi hata moja, mwenye nyumba azuie sehemu ya malipo mpaka soketi hiyo ijaribiwe mbele yake na kuingizwa kwenye orodha.