Bustani Iliyopandwa Ndani ya Mto

Mtu akialikwa kwenda kutembea katika bustani iliyo kando ya mto, hutaraji kuona maji upande mmoja na miti upande wa pili. Lakini uko mji mmoja ambamo mgeni huteremka ngazi, akapita chini ya madaraja makubwa ya mawe, akageuka huku na huku kuutafuta mto, asiuone. Hauoni kwa sababu pale pale aliposimama, penye majani mabichi na michungwa, ndipo ulipokuwa mto wenyewe. Mji huo ni Valencia, ulioko mashariki ya Hispania katika pwani ya Bahari ya Mediterania. Na mto uliogeuzwa bustani ni mto Turia.

Tumeona vyema kuwasimulia wasomaji wetu habari za matembezi ya bustani hiyo. Uzuri wake unajulikana, wala hauna haja ya sifa zetu. Lililotuvuta ni kwamba ndani yake yamo maswali mawili ambayo kila mji uliojengwa kando ya mto hauna budi kuyajibu: Je, mto ni mali ya nani? Na maji yake yakifurika, yapelekwe kwa nani?

Balansiya ya zamani

Valencia ndiyo Balansiya itajwayo katika vitabu vya Waarabu. Ukitoa miaka michache mwishoni mwa karne ya kumi na moja, mji huu ulikuwa mikononi mwa Waislamu tangu karne ya nane hata mwaka 1238, ulipotekwa na Mfalme Jaime wa Aragon. Mto uliopita ubavuni pake waliuita al-Wadi al-Abyadh, yaani Mto Mweupe. Na sehemu ya juu ya mto huo ingali ikiitwa na Wahispania Guadalaviar, nalo ni jina lile lile lililopindwa na ndimi za wageni. Hapo Balansiya alizaliwa Ibn Jubayr mwaka 1145, yule msafiri aliyetoka Andalusi mwaka 1183 kwenda kuhiji Makka, akaacha kitabu cha safari yake ambacho wanachuoni wanakisoma mpaka leo.

Mto huo ndio uliokuwa riziki ya mji. Maji yake yalizuiwa kwa mabwawa madogo, yakatiwa katika mifereji, na kila shamba likapata fungu lake kwa zamu. Maneno yenyewe yanashuhudia ni nani waliokuwa mafundi wa kazi hiyo: Mhispania huuita mfereji wa kunyweshea shamba acequia, kutokana na neno la Kiarabu as-saqiya, na kizuizi cha maji huita azud, kutokana na as-sudd. Mfalme Jaime alipouteka mji hakuivunja kanuni ya maji. Aliamuru mifereji iendelee kutumika kwa desturi ile ile ya zama za Waislamu, kwani alijua kuwa aharibuye zamu ya maji huharibu na chakula cha watu wake.

Siku ya gharika

Lakini mto ulishao ndio huohuo uangamizao. Turia kwa siku nyingi za mwaka ni kijito chembamba ambacho mtoto aweza kukivuka. Ila mvua za vuli zikinyesha kwa nguvu milimani, hujaa kwa saa chache tu. Mara nyingi katika tarehe yake ulikuwa umekwisha kuingia mjini. Tarehe 14 Oktoba 1957 uliingia mara mbili kwa siku moja: kwanza usiku watu wamelala, kisha tena mchana, na safari ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Watu wasiopungua 81 walikufa, na matope yalijaa katika nyumba na maduka, yakachukua siku nyingi kuondolewa.

Baada ya msiba huo serikali ilikata shauri kubwa: mto uhamishwe. Ulichimbwa mkondo mpya wa urefu wa kilometa 12 hivi kusini ya mji, mpana wa kutosha kupitisha maji mengi kuliko yale ya mwaka 1957. Kazi hiyo ilikwisha miaka ya mwanzo ya 1970. Mashamba mazuri yalikatwa, na jamaa waliokuwa wakiyalima walilazimika kuyaacha ili mkondo upite. Mji ukapata amani, nao mto wa zamani ukabaki handaki kavu, pana, lipitalo katikati ya majumba.

Barabara au miti?

Sasa ikawa swali: nafasi ile ifanywe nini? Wakubwa wa wakati ule waliona jibu ni jepesi. Walitaka kupitisha humo njia kuu ya motokaa, magari yatokayo Madrid yashuke moja kwa moja hata bandarini. Wakati huo Hispania ilikuwa chini ya utawala wa Jenerali Franco, wala haikuwa jambo dogo kwa raia kupinga mipango ya serikali. Hata hivyo wenyeji walipinga. Walisema ya kuwa kitanda cha Turia ni chao, nao wanakitaka kiwe kijani. Maneno hayo yakaenea mjini kote, na magazeti ya huko yakayachukua.

Franco alikufa Novemba 1975. Mwaka uliofuata, 1976, Mfalme Juan Carlos aliukabidhi mji wa Valencia kitanda cha mto huo. Mwaka 1982 mhandisi wa majengo Ricardo Bofill alichora ramani ya bustani yote, na tangu hapo ikapandwa kipande baada ya kipande. Leo ina urefu wa kilometa 9 hivi, nayo ni katika bustani kubwa kabisa za miji ya Hispania.

Matembezi yenyewe

Mwenye kutaka kuitembelea na aanzie upande wa magharibi, penye bustani ya Cabecera na kiwa chake, kisha afuate njia iendayo baharini. Motokaa hupita juu, katika madaraja na kingoni mwa mto. Chini hakuna ila waendao kwa miguu, wapanda baisikeli, wazee waliokaa vitini, na watoto wachezao mpira. Sauti ya mji huisikii ila kwa mbali. Msindano na mtende vimepandwa kila upande, na kuta nene za mawe zilizokuwa zikizuia maji zingali zimesimama kulia na kushoto, zikimkumbusha mpitaji kwamba yumo ndani ya mto.

Madaraja ya zamani ndiyo yatakayomsimamisha. Daraja la Trinidad ni la mwanzo wa karne ya kumi na tano. La Serranos ni la karne ya kumi na sita, nalo linaelekea katika lango lenye minara miwili lililojengwa kati ya mwaka 1392 na 1398. Yalijengwa kwa mahesabu ya gharika, na leo hayapitiwi chini yake ila na watoto wenye kukimbizana. Ng'ambo ya kaskazini, karibu na daraja la Real, iko bustani nyingine iitwayo Viveros. Mahali hapo, katika karne ya kumi na moja, Abd al-Aziz, mjukuu wa al-Mansur wa Kordoba, alijijengea jumba la starehe lenye bustani. Jumba hilo halipo tena. Miti ndiyo iliyorithi.

Akiendelea chini atafika penye sanamu la Gulliver, yule jitu wa hadithi ya Kiingereza, amelala chali kwa urefu wa mita 70, na watoto wakimpanda kama chungu, wakiteleza juu ya mikono na nguo zake. Lilifanywa mwaka 1990, na mzazi aliyefuatana na wanawe ajue kuwa hapo atakaa saa nzima, apende asipende. Mwisho wa njia, kuelekea bahari, yako majumba meupe ya sayansi na sanaa, yaliyochorwa na Santiago Calatrava, mzaliwa wa mji huohuo. La kwanza lilifunguliwa mwaka 1998.

Baraza la maji

Ikiwa siku ya matembezi ni Alhamisi, mgeni asikose kupanda mjini kabla ya saa 6 za mchana, akasimame mbele ya Mlango wa Mitume wa kanisa kuu, mahali ulipokuwa msikiti mkuu wa Balansiya. Hapo atawaona wakulima wanane, waliochaguliwa na wakulima wenzao wa mifereji minane, wamekaa vitini katika duara, wamevaa majoho meusi. Hilo ndilo baraza la maji. Aliyeiba zamu ya mwenziwe, au aliyeacha mfereji wake uharibike, hushtakiwa hapo mbele ya watu. Kila neno husemwa kwa mdomo, hakuna wakili, na hukumu hutolewa papo hapo. Mjumbe wa mfereji wenye kesi hana sauti katika kuikata, asije akawapendelea watu wake.

Wengi hulinasibisha baraza hilo na zama za Waislamu, na mwaka 2009 shirika la UNESCO lililiandika katika urithi wa wanadamu. Kwetu sisi, tuliofunzwa tangu utotoni kuwa maji hayafai kunyimwa mwenye haja nayo, ni jambo la kupendeza kuwaona watu wa dini nyingine na lugha nyingine wakiilinda haki ya maji kwa karne nyingi, bila askari wala magereza.

Maji yalikokwenda

Hapa wageni wengi huyakoma matembezi yao. Sisi tungemwomba msomaji aende hatua moja zaidi, mpaka kusini ya mji, aufikie ule mkondo mpya. Atakuta bonde la mawe na saruji, kavu karibu mwaka mzima, lisilo na mti wala kiti. Upande wa pili wake ni mitaa na vijiji vya watu wa kazi.

Tarehe 29 Oktoba 2024 mvua kubwa ilinyesha tena milimani. Mkondo mpya ulijaa, lakini ulistahimili, na Valencia ya zamani pamoja na bustani yake haikuguswa. Ama vijiji vya ng'ambo, kama Paiporta na wenzake, vilivamiwa na maji yaliyoteremka katika korongo jingine liitwalo Poyo, ambalo halikupata kufanyiwa kazi kubwa kama ile ya Turia. Tahadhari iliyopelekwa katika simu za watu ilifika baada ya saa 2 za usiku, na wengi walikuwa wamekwisha kuzingirwa. Katika jimbo la Valencia walikufa watu zaidi ya 220.

Asubuhi zilizofuata likatokea jambo ambalo wenyeji hawatalisahau. Maelfu ya watu wa mjini, wengi wao vijana, walitoka kwa miguu na majembe, fagio na ndoo za maji ya kunywa, wakavuka mkondo mpya kwa daraja jembamba la waendao kwa miguu, wakaenda kuwatolea wenzao matope majumbani. Daraja hilo sasa linaitwa Daraja la Mshikamano.

Basi mzazi atakayejaliwa kufika Valencia na wanawe, na awaonyeshe madaraja mawili. Kwanza lile la Serranos, awaambie ya kuwa hapa chini watu wangaliweza kuwa na barabara ya moshi na makelele, nao walisimama kidete, wakapata miti. Kisha lile jembamba la kusini, awaambie ya kuwa maji yakiondolewa mlangoni pako hayatoweki, bali huwa na mlango mwingine wa kugonga. Na jirani anayekaa karibu na mlango huo ana haki ya kuulizwa na kulindwa kabla ya gharika, kama alivyostahili kusaidiwa baada yake.

Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa, na atuzindue sisi tukaao kando ya mito kabla mvua hazijatuzindua. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.