Cheti hakimzai mtoto: hakimiliki kwa watunzi wa Fizi na Baraka

Ukipita sokoni Baraka utamkuta kijana mwenye kompyuta na spika, anajaza nyimbo kwenye kadi za simu kwa faranga chache. Ana nyimbo za Kinshasa, za Dar es Salaam, na za kwaya zetu wenyewe. Mwulize nani alitunga huu wa kwaya, atakutajia jina la kwaya, au atasema ni wimbo wa zamani. Huenda mtunzi mwenyewe anauza samaki meza ya tatu kutoka hapo.

Wengi hapa kwetu husema: "Sikuandikisha, basi sina haki." Hilo ni kosa. Sheria ya Kongo kuhusu haki za watunzi, amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, hulinda kazi kwa sababu tu imetungwa. Mkataba wa Berne, ambao nchi yetu imo tangu 1963, unasema vilevile: haki haidai stempu wala ofisi. Shairi ulilomaliza kuandika usiku huko Fizi, asubuhi tayari ni lako.

Kinacholindwa ni maneno na sauti ulizozipanga, si wazo. Yeyote anaweza kutunga wimbo juu ya wavuvi wa Ubwari. Hawezi kuchukua beti zako. Haki yenyewe ina pande mbili. Kuna haki ya jina: kutajwa kuwa mtunzi na kazi yako isiharibiwe. Hiyo haiuzwi. Na kuna haki ya mapato: kuruhusu au kukataza kazi kunakiliwa, kutangazwa au kutafsiriwa. Hiyo unaweza kuikodisha au kuiuza, na hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo.

Kuandikisha basi ni kwa nini? Mtoto huzaliwa kwanza, cheti hufuata. Cheti hakimzai mtoto, lakini siku ya mabishano ndicho kinachosema. Nchini mwetu chombo cha kazi hiyo ni SOCODA, kilichoanzishwa 2011 kushika nafasi ya SONECA ya mwaka 1969. Mtunzi hujiunga, hutangaza kazi zake, nacho hukusanya malipo kwa wanaozitumia, kama redio, baa na hoteli. Asiyetangaza kazi hapotezi haki. Hupoteza njia ya kulipwa.

Wimbo "Malaika" unatufundisha hatari yake. Ulivuma kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya, ukaimbwa na Miriam Makeba na Boney M. Lakini Adam Salim naye alidai ni wake, na mpaka leo watu wanabishana. Wimbo unajulikana duniani. Mtunzi hana uhakika.

Kwa hiyo, mtunzi, andika jina lako na tarehe kwenye kila nakala, pia kwenye faili unalompa mtu wa studio. Mkataba wa Berne humhesabu mwenye jina lililo juu ya kazi kuwa mtunzi, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Tunza daftari la kwanza na rekodi ya kwanza. Wanakwaya waandike karatasi: nani alitunga maneno, nani sauti, nani alilipia studio. Mashua ikivusha wimbo mpaka Kigoma au Bujumbura, haki haibaki ufukweni: Tanzania imo katika mkataba huo tangu 1994, Burundi tangu 2016.

Nasi wanafunzi wa lugha tuna deni. Kwa ajili ya TFC tunapanda milimani kurekodi ngano na methali za Kibembe. Sheria huzihesabu simulizi za asili kuwa urithi wa taifa, lakini mzee aliyezisimulia kwa ufundi wake ana jina. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga ulipochapishwa 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, jina la msimulizi, Candi Rureke, liliandikwa kitabuni. Ndiyo maana leo tunaweza kumtaja. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, muulize mzee ruhusa, kisha uandike jina lake kabla ya lako.