Umeme Ukikatika, Vali Ielekee Wapi?

Kwa miaka mingi, nchini Uganda, Arua, Koboko na vitongoji kama Pajulu viliishi kwa gridi ndogo ya West Nile, iliyolishwa na jenereta za mafuta na, tangu 2012, kituo cha Nyagak chenye uwezo wa megawati 3.5. Mwaka 2024 laini ya kilovolti 132 ikafika kutoka Lira kupitia Gulu na Nebbi, na wengi wakaona suala la umeme kukatika limekwisha. Kwa mtu anayebuni mitambo ya maji, halijaisha. Laini ndefu inayopita nchi ya radi nayo hukatika, kwa hiyo kukosa umeme ni sehemu ya kazi ya kila siku ya mtambo. Kila vali inayoendeshwa na mota inahitaji jibu lililoamuliwa mapema: giza likiingia, ibaki wapi? Jibu hilo litokane na madhara yatakayowapata watu na mabomba, lisiachiwe mpangilio uliokuja na mashine kutoka kiwandani.

Akchueta ya umeme ni mota na gia zinazozungusha shina la vali. Baadhi hufanya kazi mbili tu, kufungua na kufunga. Nyingine husimama katikati na kurekebisha mtiririko kwa kufuata ishara ya miliampia 4 hadi 20. Ya kawaida ikikosa umeme husimama palepale ilipo, maana gia zake kwa kawaida hazirudishwi nyuma na msukumo wa maji. Yenye springi, au kapasita iliyohifadhi chaji, hujipeleka upande uliochaguliwa. Waya wa ishara kukatika ni jambo tofauti, kwani mota bado ina nguvu. Kwa kuwa ishara ya chini kabisa ni 4, sifuri huonyesha kwamba kuna hitilafu, na fundi anaweza kupanga mapema kama vali itulie, ifunguke au ifunge.

Chukua mfumo kama wa Arua, unaovuta maji mto Enyau. Pampu ikizimika huku klorini ikiendelea kuingia, dawa hulimbikizana kwenye maji yaliyosimama. Vali ya klorini inapaswa kufunga. Vali ya kutoa maji kwenye tangi la mlimani ni kinyume chake: maji hushuka kwa uzito wake, na saa za giza ndizo ambazo akiba hiyo inahitajika zaidi, hivyo ibaki wazi. Kwenye bomba refu, hata vali inayostahili kufunga ifunge polepole, la sivyo kishindo cha maji kitapasua maungio.

Wapo wanaosema jenereta ya akiba inatosha, na isipowaka kuna gurudumu la mkono. Vyote viwili vinafaa, ila vinahitaji muda na mtu. Tarehe 17 Agosti 2009, katika bwawa la Sayano-Shushenskaya nchini Urusi, maji yalifurika ukumbi wa mitambo, umeme ukakatika, na malango ya juu yakabaki wazi hadi wafanyakazi walipoyafunga wenyewe. Watu 75 walikufa. Wengine watasema basi kila kitu kifunge. Kituo cha nyuklia cha Fukushima nchini Japani kinawajibu: Machi 11, 2011, umeme ulipopotea, mfumo uliobuniwa kuzuia uvujaji uliamuru vali za kupoza tanuri namba 1 zifunge, wakati upozaji ndio uliohitajika. Hakuna upande ulio salama kwa vali zote.

Gharama ya springi au kapasita ni ya kweli, na ndiyo sababu ya kuchagua vali moja moja badala ya kununua kinga kwa zote au kuikosa kabisa. Uchaguzi huo uandikwe, kisha ujaribiwe siku ya kukabidhi mtambo: swichi kuu izimwe mbele ya watakaouendesha, na kila vali ikaguliwe ilipoishia. Mkandarasi asiyekubali jaribio hilo asisainiwe hati ya kukamilisha kazi.