Aliyeotea ni nani? Kiswahili cha kandanda mpakani Taveta

Mshambuliaji anapotangulia nyuma ya walinzi na kuusubiri mpira huko, husemwa kwamba ameotea. Neno hilo halikuzaliwa uwanjani. Wa kwanza kuotea alikuwa mwindaji, ambaye hujibanza kichakani karibu na mahali mnyama anapokuja kunywa maji. Aliyelihamisha kutoka porini hadi uwanjani alikuwa na jicho la mshairi, nami sidhani kwamba alikuwa mjumbe wa kamati yoyote ya istilahi.

Jambo hilo lilinijia kwa nguvu usiku wa Alhamisi, Juni 27, 2019, nikiwa Mboghoni, katika eneo la Taveta nchini Kenya. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Upareni, na nilikuwa nimevuka mpaka pale Holili kwa ajili ya kukusanya maneno ya Kitaveta. Msomaji wa isimu atakumbuka kwamba Malcolm Guthrie, alipoziainisha lugha za Kibantu, alikipa Kitaveta alama ya G21 na Kipare chetu G22, wakapangwa kama watoto wa tumbo moja. Ilhali Kidawida cha Wataita, walio wilaya moja na Wataveta kwa miaka mingi, kilitupwa mbali, E74. Kwa hesabu za wanaisimu, basi, nilikuwa kwa ndugu zangu. Kwa hesabu za afisa wa uhamiaji aliyeigonga muhuri pasi yangu, nilikuwa ugenini.

Usiku huo ugeni ulikuwa na uzito wake. Kenya na Tanzania zilikuwa zikikutana Cairo katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Taifa Stars hawakuwa wamefika fainali hizo tangu 1980, na Harambee Stars tangu 2004. Timu zote mbili zilikuwa zimepoteza mchezo wa kwanza kwa mabao mawili kwa bila, sisi mbele ya Senegal na wao mbele ya Algeria. Atakayefungwa alikuwa na kila sababu ya kuanza kufungasha virago.

Mpira ulianza saa tano usiku kwa saa zetu, saa ile ile ambayo sheria ya Kenya ya 2010, iliyozoeleka kwa jina la Sheria ya Mututho, inaamuru baa ziache kuuza vileo. Mwenye baa akakusanya chupa, akatandaza vikombe, na kwa muda wa mchezo wote baa ikawa mgahawa wa chai ya tangawizi. Nadhani sijapata kuona walevi wapole kiasi kile.

Televisheni ilikuwa ikitangaza kwa Kiingereza. Mzee mmoja, mkulima wa ndizi, akauliza ni kwa nini Mkenya na Mtanzania wachapane kwa Kiingereza. Hakujibiwa, ila sauti ya televisheni ilizimwa na kaunta ikawekwa redio iliyonasa matangazo ya Tanzania, kwa kuwa mawimbi hayana habari na mpaka. Hapo likazuka jambo ambalo wahandisi wa mitambo watalieleza vizuri zaidi kuliko mimi: sauti ya redio ilitangulia picha. Dakika ya sita mtangazaji alikuwa amekwisha kupaza sauti ya goli, huku kwenye kioo Mbwana Samatta ndiyo kwanza anajiandaa kupiga shuti. Kipa akautema mpira, Simon Msuva akaumalizia wavuni, na sote tulikuwa tumekwisha kujua. Nilishangilia peke yangu.

Kuanzia hapo watu waliacha kutazama ili wajue kilichotokea. Walitazama ili wahakiki maneno. Redio ikisema mtu amepigwa kanzu, macho yote yanageukia kioo kuona kama kweli mpira umepita juu ya kichwa chake kama vazi linavyoingizwa kichwani. Ikisema fulani amepigwa tobo, watu wanasubiri kuona miguu iliyoachwa wazi. Tamathali zilikuwa zikisahihishwa hadharani, na mzee wa ndizi alikuwa mtahini mkali: mara mbili alimkatalia mtangazaji kwamba ile haikuwa kanzu hata kidogo, mpira ulipita begani.

Michael Olunga alipojipinda hewani na kusawazisha katika dakika ya 39, Wakenya waliisikia furaha yao ikitangazwa kwa sauti ya mfiwa. Walicheka sana. Hawakuwa wamekaa vizuri Samatta alipoirudisha Tanzania mbele katika dakika ya 40.

Wakati wa mapumziko kijana mmoja alisema kwamba mkufunzi lazima afanye mabadiliko. Kwetu Tanzania mkufunzi ni mwalimu wa chuo cha ualimu. Anayepanga timu ni kocha. Magazeti ya Kenya humwita kocha huyo mkufunzi, na mlinda mlango mnyakaji. Karibu yangu alikuwapo mwalimu wa Kiswahili wa shule ya jirani, naye alikiri, bila haya, kwamba mwanafunzi akiandika "tobo" katika insha humpigia mstari mwekundu: lugha ya mitaani. Je, akiandika "kanzu"? Hiyo nayo. "Kuotea"? Akasita. Hiyo imo kamusini, akasema, ingawa kwa maana ya kuvizia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na walimu wenzangu wengi, wa pande zote mbili za mpaka. Tobo ni nomino iliyotoka kwenye kitenzi toboa kwa njia ya Kibantu isiyo na dosari. Kanzu ni sitiari. Kuotea ni upanuzi wa maana. Hizi ndizo njia zile zile tunazozifundisha darasani chini ya kichwa cha uundaji wa maneno, kisha mtoto akizileta zikiwa hai tunamkata alama. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na BAKITA baada yake mwaka 1967, zilifanya kazi ya kuheshimiwa, lakini Kiswahili cha mpira kilinolewa na watangazaji wa aina ya Ahmed Jongo wa Radio Tanzania na Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya, waliolazimika kumwonyesha msikilizaji asichokiona, papo hapo, bila nafasi ya kufungua kamusi. Kijana anayekua na picha za setilaiti na utangazaji wa Kiingereza hakosi mpira. Anakosa darasa hilo.

Kipindi cha pili sikifurahii kukisimulia. Johanna Omolo alisawazisha kwa kichwa katika dakika ya 62, na Olunga akapachika la tatu katika dakika ya 80. Zikabaki dakika ambazo sisi huziita za lala salama. Mwalimu jirani yangu hakuwa amelisikia jina hilo. Nilipomweleza alitoa kalamu mfukoni, ikawa ile ile nyekundu, akaliandika nyuma ya kiganja, huku redio ikitangaza filimbi ya mwisho na kwenye kioo vijana wetu bado wanakimbia.